Milimita Nne za Chuma

Sehemu ya Saba

Nyundo ilikuwa juu. Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na kwa barua mlizomwaga hapa gazetini naona wengi wenu hamkulala. Msomaji mmoja ameniandikia kurasa tatu akiniapia kwamba Fundi ataiponda ile bloku mpya vipande vipande mbele ya mwenyewe. Mwingine anasema bora aponde vidole vya Mtaalamu. Mna roho mbaya, wasomaji wangu, na ndiyo maana nawapenda.

Kama hukununua gazeti lile, shauri yako, ila sikuachi gizani. Fundi ni mwanamke, gereji ya injini za boti za mashindano ni yake, na mdomo wake unajulikana gati zima. Tajiri mwenye boti wanamwita Manukato, kwa siri, kwa sababu harufu yake huingia kwanza na mwenyewe hufuata baadaye. Amemleta Mtaalamu, bwana mmoja wa glavu nyeupe, aje amchagulie bloku ya injini, yaani lile pande kubwa la madini lenye matundu ya silinda ambalo injini yote hujengwa juu yake. Mtaalamu amechagua ya alumini, mpya, inang'aa hadi unaweza kunyolea ndevu.

Na atakayeketi mbele ya injini hiyo siku ya mashindano ni Chapchap, mdogo wake Fundi, kitinda mimba wa mama yao. Injini ikikwama ghafla kwenye mwendo ule, boti huchomeka pua majini na kubinuka, na aliyemo hutolewa na wazamiaji. Fundi haitaki bloku ile. Sasa mnajua kwa nini nyundo ilikuwa juu.

"Weka chini!" Manukato alibweka. "Bloku hiyo ina thamani kuliko gereji yako na vyote vilivyomo!"

"Pamoja na wewe uliyemo?"

Nyundo ikashuka. Manukato akafumba macho. Mtaalamu akaruka nyuma, akatua na mguu mzima ndani ya beseni la mafuta machafu.

Ting.

Basi, ni hivyo tu. Fundi aliigonga bloku taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe, kisha akainama akatega sikio. Bloku yenye ufa haitoi mlio, hukohoa. Asubuhi nzima alikuwa amewatangazia watu kwamba hii ina ufa, anaunusa, anausikia kwenye mifupa yake.

Bloku ikalia. Ikalia vizuri, mlio mrefu, safi, ukazunguka gereji nzima na kurudi. Haikuwa na ufa hata wa kuingiza unywele.

Fundi akabaki ameshika nyundo hana la kusema. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu gereji ifunguliwe.

"Umesikia, mama?" Mtaalamu alisema huku akichuruzika mafuta kiatuni. "Nzima. Hiyo ni kazi ya watu waliosoma."

"Mimi si mama yako. Wako angekufundisha kutazama unapokanyaga."

"Dada, yaishe," alisema Chapchap. Alikuwa ameegemea mlango, mikono mfukoni, anatafuna kijiti. Kijana wa miaka ishirini na minne, hana haraka na kitu chochote mpaka umkalishe kwenye boti. "Imelia vizuri. Yaishe."

"Haijaisha. Lete hicho kisanduku chako, wewe mwenye glavu."

Kisanduku kilikuwa kipimo cha unene. Ni kidude cha kiganjani, kina waya na kichwa kidogo cha kugusisha. Ukikigusisha kwenye ukuta wa silinda kinapiga sauti usiyoisikia, sauti inapenya ukuta, inagonga upande wa pili, inarudi, nacho kinahesabu imechukua muda gani na kukuandikia unene. Cha Fundi kilikufa mwaka juzi. Cha Mtaalamu kilikuwa kipya, kina mfuko wake wa ngozi, na alikitoa kwa uchungu kama anayemtoa binti yake kwa mlevi.

"Karatasi za kiwandani ninazo," alisema. "Kuta zote zina unene sawa."

"Karatasi haziendi majini. Utaratibu wa hapa ni silinda zote nane, kila moja sehemu nne, halafu ndipo tuongee."

Akaanza. Silinda ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu, ya nne, Mtaalamu anatabasamu, Manukato anatazama saa yake ili watu waitazame pia. Ya tano, upande ule ambao pistoni husukuma kwa nguvu zake zote, Fundi akasimama.

"Soma," alimwambia Manukato.

"Mimi sisomi vitu vya—"

"Soma, tajiri. Ni tarakimu moja, haiumi."

"Tatu."

"Milimita tatu! Hata mfuniko wa sufuria ya mama yangu unaizidi." Fundi alimgeukia Mtaalamu, na uso wake ulikuwa umerudi kwenye dharau yake ya kawaida. "Walipomimina alumini iliyoyeyuka kiwandani, umbo la kumiminia lilisogea. Ukuta mmoja ukanenepa, wa pili ukakonda. Halafu wewe ukaichonga kupanua silinda ili upate nguvu, na hukupima. Uliamini karatasi!"

"Nimejenga ishirini namna hii. Zote zinakimbia."

"Zinakimbia wapi?"

"Kwenye magari ya mashindano."

Loo! Ungesikia kicheko alichokiangua Fundi. Mafundi wa gereji ya jirani walichungulia dirishani.

"Magari! Jamani, amenijia na magari! Bwana wee, gari hufika kwenye kona likapumzika. Dereva anaachia mafuta, injini inavuta pumzi. Boti haina kona ya kupumzikia. Maji yanaivuta kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ni kama gari linalopanda mlima usiokuwa na kilele. Ikiruka juu ya wimbi propela inazunguka hewani, injini inapiga ukelele, halafu pwaa, inagonga maji na mzigo wote unairudia kifuani. Umpakie mdogo wangu kwenye milimita tatu? Thubutu!"

Mtaalamu alikuwa mwekundu masikioni. Manukato hakupenda mtu wake achekwe, kwa sababu aliyemcheka mtu wake amemcheka yeye.

"Haya, mjuaji," alisema. "Bloku yako iko wapi?"

Fundi akanyoosha kidole. Pembeni kwa ukuta kulikuwa na kitu kikubwa cheusi chenye kutu, juu yake birika, vikombe vitatu na sahani ya vitumbua vilivyobaki. Mafundi walikizunguka wakati wa chai. Walikuwa wamekizunguka miaka sita.

"Hiyo meza?"

"Hiyo meza ni bloku ya chuma. Imetoka kwenye boti ya kuvuta meli, imefanya kazi miaka mingi kuliko ndoa zako zote ukizijumlisha. Ondoeni vikombe."

Sasa ni Mtaalamu aliyecheka. "Uzito huo! Si boti tena, ni nanga."

"Uzito tutaupunguza kwingine. Tutaanza kwa kukuacha wewe nchi kavu." Alishaipangusa kutu kwa kiganja, kipimo mkononi, kifua kimemjaa ushindi. Akagusisha. "Saba. Saba. Saba na nusu. Saba. Unaona? Unaona chuma cha watu?"

"Lakini Fundi," Mtaalamu aliinua kidole, "hicho kipim—"

"Funga mdomo."

"Nilitaka tu kusema—"

"Nimesema ufunge mdomo! Umeongea tangu saa mbili. Umetuletea bati linalong'aa ukaliita bloku. Hapa kwangu leo hunifundishi kitu, si leo si kesho. Funga!"

Wote walicheka, mpaka Chapchap. Mtaalamu akafunga mdomo. Aliufunga taratibu, akaweka mikono nyuma, na tangu hapo hakutoa neno.

Manukato alitazama bloku ya kutu, akatazama bloku ya kung'aa. Ni mtu wa kununua vitu kwa macho, na ilimuuma kuona macho yamemdanganya mbele ya watu wenye mikono michafu.

"Jenga hiyo meza yako," alisema. "Ijumaa ya wiki ijayo kamati inakagua boti zote majini, mizunguko mitano, mwendo usiopungua kilomita mia na sitini kwa saa. Ikishindwa, mdogo wako hakalii tena boti yangu maisha yake. Namweka mpwa wangu. Na kazi zangu zote naziondoa hapa, uone utamtengenezea nani."

Chapchap aliacha kutafuna kijiti. Miaka minne alikuwa ameosha boti za watu, amebeba matangi, amesema ndiyo bosi, ndiyo mzee, ili siku moja akabidhiwe usukani ule.

"Itashinda," alisema Fundi.

*

Nisiwachoshe na siku kumi na moja za spana. Bloku ilichemshwa, ikasuguliwa, ikapakwa rangi. Ukuta wa milimita saba ukichongwa milimita moja unabaki sita, na Fundi hashuki chini ya tano hata umshikie panga. Akachonga moja, akapata silinda pana na nguvu anayoitaka. Injini ikafungwa, ikawashwa gerejini dakika ishirini, ikaunguruma mpaka vioo vya jirani vikatetemeka. Hata Manukato alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakumbuka heshima yake akaacha.

Mtaalamu alikuwapo kila siku. Ndiye aliyepangwa kukaa kiti cha pili cha boti, kiti cha mshika mafuta, maana kwenye boti hizi mmoja hushika usukani na mwingine hushika mkono wa mafuta, kuongeza na kupunguza. Hakulalamika, hakubisha. Akisalimiwa anaitikia. Fundi aliwaambia watu kwamba hatimaye yule bwana amepata adabu, na kwamba adabu ni dawa, inahitaji mtu wa kuinywesha tu.

Jifanyeni hamjawahi kuvimba kichwa namna hiyo. Mimi nawajua.

Ijumaa asubuhi boti ilikwishashushwa majini. Fundi alibaki nyuma gerejini kukusanya vifaa, akapokea ujumbe kwenye simu: Mtaalamu anaomba kipimo chake kirudishwe leo. Na mwingine: leo hatapanda boti, tumbo linamsumbua.

"Tumbo!" Fundi alisema peke yake. "Mwoga mkubwa."

Akakitoa kipimo kwenye mfuko wake wa ngozi, akakipangusa grisi. Kumrudishia mtu kitu kichafu si tabia yake, hata kama mtu mwenyewe ni uchafu. Kidole kikagusa kitufe, kioo kikawaka. Kwenye pembe ya juu, kwa herufi ndogo, pakasomeka neno moja.

ALUMINI.

Aliliangalia tu. Kisha akaliangalia tena.

Sauti haikimbii sawasawa kwenye kila madini. Kwenye alumini inakimbia mbio, kwenye chuma inajivuta. Ndiyo maana kabla ya kupima unakiambia kipimo unapima nini. Fundi analijua hilo tangu akiwa mwanagenzi. Siku ile alitoka kwenye bloku ya alumini akarukia ya chuma akiwa na hasira na ushindi mdomoni, na hakubadilisha kitu.

Alichukua kipande cha chuma cha mezani, kile anachojua ni milimita kumi kamili. Akagusisha. Kipimo kikaandika kumi na nne kasoro kidogo.

Akabonyeza, akachagua chuma, akagusisha tena. Kumi.

"Mungu wangu."

Hakuhitaji karatasi. Iliyosomeka saba ilikuwa tano. Tano akachonga moja. Mdogo wake amekalia milimita nne, yeye dada mtu ndiye aliyezichonga, na siku kumi na moja amezunguka gati zima akiwacheka wengine.

Alitoka mbio hata mlango hakufunga.

Gati si mbali, dakika saba kwa miguu, na dakika zote saba Fundi alikuwa akitafuta uongo. Niwafiche nini? Hakuwa akitafuta namna ya kumwambia mdogo wake ukweli. Alikuwa akitafuta namna ya kumtoa kwenye ile boti bila mtu yeyote kujua kwamba yeye, Fundi, amefanya kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Bomba la mafuta? Nyaya? Akaamua: pampu.

Boti nane zilikuwa zimefungwa kwa mstari, wanakamati wamekaa juu ya gati na madaftari yao na bendera. Chapchap alikuwa ameshavaa jaketi la kuelea, kofia ngumu kwapani. Manukato alisimama kando yake amevaa viatu vyeupe. Mtaalamu naye alikuwapo, mzima wa afya, anakunywa soda.

"Shuka," Fundi alisema, pumzi juu juu. "Shuka, mdogo wangu. Pampu ya mafuta ina kasoro."

"Pampu nimeikagua mwenyewe saa moja iliyopita," alisema Mtaalamu. "Haina tatizo."

"Nani kakuuliza wewe?"

"Dada." Chapchap alimtazama. "Wewe hujui kudanganya. Ukidanganya unashika sikio. Kuna nini?"

Fundi akauondoa mkono sikioni. Akawatazama wote: Manukato na viatu vyake, Mtaalamu na soda yake, mafundi wa gereji ya jirani waliosogea kusikia. Alikuwa amemtukana kila mmoja pale kwa zamu yake; sasa zamu ilikuwa yake.

"Nimekosea," alisema.

"Sema kwa sauti," alisema Manukato.

"Nimekosea kupima! Nilipima chuma kwa kipimo kilichowekwa kwenye alumini. Kuta si milimita sita. Ni nne. Haifai. Bloku yangu haifai, mmesikia? Mnataka niimbe?"

Hakucheka mtu. Hilo lilimuuma zaidi kuliko kama wangecheka. Alikuwa amejiandaa na matusi ya kuwajibu, sasa hakuwa na wa kumtukana.

Mtaalamu ndiye aliyesema kwanza. Akaweka chupa ya soda chini, akapangusa midomo kwa kitambaa.

"Siku kumi na moja," alisema. "Nilidhani utagundua siku ya pili. Wewe si mjuzi?"

Manukato akamgeukia polepole. "Ulijua?"

"Niliona palepale. Nikainua kidole nimwambie."

"Na ukanyamaza?"

"Aliniambia nifunge mdomo, mbele ya watu. Nikafunga." Akamtazama Fundi machoni. "Mara mbili nilijaribu kusema. Au unabisha?"

Fundi hakubisha. Alijua ni kweli, na aliona pia kwa nini tumbo la bwana huyu limeanza kuuma leo asubuhi. Alimwangalia kuanzia utosini hadi kwenye kile kiatu chenye alama ya mafuta.

"Mimi ni mpumbavu," alisema. "Nakubali. Lakini wewe ulikuwa unakunywa soda ukisubiri mtoto wa mtu afe ili mimi niaibike. Kwa hilo sina hata tusi."

"Tutagombana baadaye," Manukato alikata. Alikuwa akiwatazama wanakamati, si wao. "Mizunguko mitano. Isipozunguka leo, Jumapili haipo kwenye mashindano. Na kama haipo, maneno yangu ni yaleyale."

"Basi haipo," alisema Fundi. "Mweke mpwa wako. Chukua kazi zako. Chapchap, shuka twende nyumbani."

Chapchap hakushuka. Alikuwa akiipapasa dashibodi ya boti kwa kiganja.

"Nne," alisema. "Nikienda taratibu, itahimili?"

"Sijui."

"Mia na sitini tu. Siyo mia mbili na ishirini ya siku ya mashindano. Robo tatu ya mafuta. Itahimili?"

"Nimesema sijui! Wewe hujaenda taratibu hata kwenye baiskeli!"

"Dada, nimeosha boti za hawa watu miaka minne." Hakupaza sauti. "Kila siku wewe ndiye unayesema. Nile nini, nipande nini, nani mjinga, nani mwerevu. Leo umekosea, na bado ni wewe unayesema. Nitazunguka mitano. Kiti cha pili kikiwa tupu, nitashika mafuta mwenyewe."

Akavaa kofia. Akabonyeza kitufe, na injini ikaunguruma, sauti nzito, tamu, sauti ile iliyowapumbaza wote gerejini. Kamba ya mbele ilikwishafunguliwa.

Fundi alimjua mdogo wake. Peke yake, mkono wa mafuta ukiwa karibu na goti lake, atamaliza mzunguko wa kwanza kwa adabu. Wa pili atasahau.

Akaruka. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, ovaroli la grisi, akatua kwenye kiti cha pili akagonga kiwiko, akaishika kofia iliyokuwa ya Mtaalamu akaichomeka kichwani.

"Ondoa mkono wako hapo," alisema. "Mafuta nashika mimi. Na usinifungulie mdomo."

"Ndiyo hayo niliyokuwa nasema," alijibu Chapchap, lakini mkono akauondoa.

*

Mzunguko wa kwanza, mia na sitini na mbili. Fundi hakuyaona maji, hakuziona boti nyingine. Alikuwa akisikiliza. Kila mara boti ilipoanza kuruka alirudisha mkono wa mafuta kabla propela haijatoka majini, akausukuma tena ilipotua, ili mzigo uirudie injini kidogo kidogo. Hakuna mshika mafuta aliyewahi kufanya kazi kwa woga kiasi kile.

Wa pili, mia na sitini na moja. Mshale wa joto umetulia.

Wa tatu. Boti ya kijani iliwapita kushoto kwa ngurumo, maji yakawapiga usoni.

"Anatupita yule!" Chapchap alipiga kelele. "Ongeza!"

"Siongezi!"

"Dada!"

"Siongezi, nimesema!"

Wa nne, kabla ya boya la mwisho, Fundi akausikia. Ulikuwa mlio mdogo ndani ya ngurumo, kama mtu anayetafuna mchanga. Mshale wa joto ukapanda alama mbili, ukasita, ukapanda tena. Kutoka nyuma ukaja mvuke mweupe, na mvuke mweupe una maana moja tu: ukuta umeachia, maji yanaingia kwenye silinda.

Ulibaki mzunguko mmoja. Bendera ya kamati ilionekana. Chapchap aliona mvuke kwenye kioo cha pembeni, akaelewa, na bado akasema, "Mmoja tu! Mmoja, dada, nakuomba!"

Fundi akarudisha mkono wa mafuta nyuma kabisa, akazima injini.

Boti ikashusha tumbo lake majini, ikateleza ikalipita boya, ikapungua mwendo, ikasimama. Kimya. Chapchap akagonga usukani kwa ngumi zote mbili. Akatoa kofia, na machozi yalikuwa yakimtoka wazi.

"Umenimaliza," alisema. "Miaka minne. Umenimaliza."

"Uko hai."

"Umenimaliza, dada!"

"Nichukie. Nichukie mpaka uzeeke. Nimekubali." Fundi naye akavua kofia. "Kosa ni langu, na nitalisema kwa kila mtu, kwa mama kwanza. Lakini uko hai."

Angeendelea kusema, maana Fundi ni Fundi. Lakini aliona uso wa mdogo wake umebadilika. Chapchap hakuwa akimtazama yeye tena. Alikuwa akitazama nyuma ya bega lake, kwenye boya la mwisho, pale ambapo kila boti inayozunguka hukata kona kwa mwendo wake wote.

Fundi akageuka. Boti ya kijani ilikuwa ikitoka nyuma ya boya, pua juu hewani, dereva wake amefichwa na manyunyu na haoni kitu mbele. Wao walikuwa wamesimama katikati ya njia yake, wakifuka mvuke.

"Washa," alisema Chapchap.

"Silinda ina maji. Nikiwasha itapasuka hapahapa chini ya miguu yetu."

"Washa, dada!"

Ngurumo ilikuwa ikikua. Fundi akamshika mdogo wake kwa kola ya jaketi kwa mkono wa kushoto, akamvuta kwake, na kwa mkono wa kulia akabonyeza kitufe.